Ngurumo Isiyosikiwa na Sheria

Kampala ikigombana kuhusu kelele, hugombana kuhusu spika. Baa za Kabalagala, mikesha ya maombi, wachuuzi wenye vipaza sauti vya betri, maduka yanayopiga muziki mlangoni ili kuvuta wateja: hizo ndizo kelele zinazofikishwa kwa Mamlaka ya Jiji, KCCA, na kwa Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, NEMA. Ni haki zifuatiliwe. Lakini ipo kelele nyingine ambayo haina mpigaji, haina ibada wala muziki ndani yake, na kwa hiyo hakuna anayeigombania. Ni ngurumo nene ya mitambo: jenereta iliyowekwa uani nyuma ya benki, feni kubwa inayovuta moshi jikoni mwa hoteli, mtambo wa kiyoyozi juu ya paa la jumba la maduka. Sehemu kubwa ya ngurumo hiyo hutokea mahali pamoja, kwenye mdomo wa bomba, liwe la moshi au la hewa. Ni kelele ya aina hii hasa iliyowafanya wahandisi wabuni ufundi wa kuzima sauti kwa sauti, ule ule uliomo leo ndani ya hedifoni za bei mbaya. Nadhani bomba ndilo karibu mahali pekee panapoufaa ufundi huo nje ya masikio ya mtu, na kwamba kinachouzuia usifike Kampala ni kipimo cha kisheria kisichoisikia ngurumo yenyewe, zaidi kuliko bei ya vifaa.

Tuanze na kipimo. Kanuni za Uganda za viwango vya kelele zilitungwa mwaka 2003. Kwa nyumba za kuishi ziliruhusu desibeli 50 mchana na 35 usiku, usiku ukihesabiwa kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hospitali na vyuo ni 45 mchana na 35 usiku. Kwa maeneo ya viwanda ni 70 na 60. Ukizisoma namba peke yake utasema sheria ni kali, na ni kweli. Tatizo limo kwenye herufi ndogo inayofuata namba. Desibeli zinazotajwa ni za mizani A, maana yake chombo cha kupimia hakihesabu sauti zote sawasawa: sauti nyembamba huzihesabu karibu kama zilivyo, na sauti nene huzikata, kwa kuwa sikio la binadamu nalo huwa zito kwa sauti nene zikiwa za chinichini. Sauti inayotetemeka mara 1,000 kwa sekunde, yaani hetzi 1,000, haikatwi kitu. Ya hetzi 100 hukatwa desibeli 19. Ya hetzi 50 hukatwa desibeli 30.

Sasa tazama jenereta yenyewe. Jenereta nyingi za dizeli zinazolisha majengo huzunguka mara 1,500 kwa dakika, kwani ndivyo umeme wetu wa hetzi 50 unavyopatikana. Mara 1,500 kwa dakika ni mara 25 kwa sekunde, na injini ya silinda 4 huwaka mara mbili katika kila mzunguko. Basi moshi hutoka kwenye bomba kwa vishindo 50 kila sekunde. Injini ya silinda 6 hutoa vishindo 75. Chukulia kishindo hicho cha hetzi 50 kinafika kwenye dirisha la chumba cha kulala kikiwa na nguvu ya desibeli 65. Mizani A itaondoa 30, na mkaguzi ataandika 35, kiwango kile kile ambacho kanuni inakiruhusu usiku. Kwenye karatasi, mtaa umetulia. Kumbe sikio zima huanza kuisikia sauti ya hetzi 50 inapofika desibeli 44 hivi, kwa hiyo mtu aliyelala nyuma ya dirisha hilo anapokea sauti iliyovuka mlango wa kusikia kwa zaidi ya desibeli 20. Anaisikia vizuri sana, na hana karatasi ya kumpelekea mtu.

Mwenye jenereta atasema mashine yake haitoi hetzi 50 peke yake; hutoa mchanganyiko, na mizani A itaikamata kwa zile sauti nyembamba zilizomo. Ni kweli, mpaka afanye kile ambacho kila mwenye jenereta hushauriwa kufanya: kuifungia ndani ya boksi la chuma lililotandikwa sponji. Sponji na sufi ya kioo hula sauti nyembamba kwa hamu, na nene huziacha zipite. Wimbi la hetzi 50 hewani lina urefu wa karibu mita 7, na ili sufi ilimeze barabara inatakiwa unene unaokaribia robo ya wimbi, yaani mita 1.7. Boksi la kawaida lina sentimita chache. Ukuta wa nyumba nao hufuata kanuni hiyo hiyo kwa njia yake: kila sauti inaposhuka na kuwa nene mara mbili, uwezo wa ukuta kuizuia hupungua kwa desibeli 6 hivi. Kwa hiyo boksi huchuja, ukuta huchuja, dirisha huchuja, na kinachofika kitandani ni kile ambacho vyote vitatu vimeshindwa kukizuia. Vipo vinyamazishi vya vyumba vyumba, kama kile kilicho chini ya gari, na sauti nene huziweza. Ila kadiri sauti inavyozidi kuwa nene ndivyo navyo vinavyotaka kuwa vikubwa, na kila kona inayoongezwa njiani ni mzigo kwa injini au kwa feni.

Hapo ndipo wazo la Paul Lueg linapoingia. Mjerumani huyu aliomba hataza nchini kwake Januari 1933, na hataza ya Marekani akaipata Juni 1936. Wazo lake lilikuwa kuipokea sauti kwa maikrofoni, kuigeuza, kisha kuitoa kwa spika ili mgandamizo wa wimbi la kwanza ukutane na mtanuko wa wimbi la pili, viwili hivyo vifutane. Mtoto akiwa kwenye bembea, ukimsukuma kila anapokujia, bembea hutulia bila hata kuishika kamba. Spika huifanyia hewa jambo hilo hilo, mara 50 au 100 kwa sekunde. Nishati haiyeyuki kimiujiza: sehemu hurudishwa ilikotoka, sehemu humezwa na spika yenyewe. Mchoro wa kwanza katika hataza hiyo ni wa bomba, lenye maikrofoni mwanzoni na spika mbele yake. Lueg alijua tangu siku ya kwanza wazo lake lingeishi wapi. Waliokuja baadaye, hasa wauzaji, ndio waliolitoa bombani na kuliahidi kwenye vyumba, barabara na viwanja vya ndege.

Sababu ya bomba kuwa mahali pake ni ya kijiometria. Sauti ikiwa ndani ya njia nyembamba kuliko nusu ya urefu wa wimbi lake, haina nafasi ya kukata kona wala kudundadunda ukutani. Husafiri mbele tu, ikiwa bapa, mgandamizo wake ukiwa mmoja kutoka ukuta hadi ukuta. Wimbi la namna hiyo linahitaji spika moja tu kulizima, na likizimwa hapo limezimwa kwa kila aliye mbele. Katika njia ya hewa ya mraba yenye upana wa sentimita 60, zile za bati ambazo mafundi wa viyoyozi huziita dakti, sauti zote zilizo chini ya hetzi 280 hivi hutii sharti hilo. Feni yenye mapanga 8 inayozunguka mara 1,450 kwa dakika huimba kwenye hetzi 193, ndani kabisa ya mpaka huo. Jenereta iko mbali zaidi ndani. Nje ya bomba mambo hugeuka. Barabarani sauti hutapakaa pande zote, na spika utakayoiweka kuituliza nyumba moja itaikuta nyumba ya pili ikiwa imechelewa au imewahi; mahali ambapo mawimbi mawili yanakutana yakiwa na nguvu sawa na mwendo mmoja, kelele huongezeka kwa desibeli 6. Anayeahidi kuizima disko ya Kabalagala kwa spika za kuipinga anauza disko ya pili.

Usahihi unaotakiwa ndio unaoeleza kwa nini kazi hii ilingoja nusu karne. Ili kupunguza desibeli 10, ambazo sikio huzihisi kama kelele kushuka kwa nusu, wimbi la kupinga halitakiwi kukosea mpangilio kwa zaidi ya nyuzi 18 kati ya 360 za mzunguko wake. Ili kupunguza 20, kosa lisizidi nyuzi 6. Likivuka nyuzi 60, spika haisaidii tena bali inachochea. Kwa sauti ya hetzi 100, nyuzi 60 ni sawa na milisekunde moja na theluthi mbili, muda ambao kompyuta ndogo inaumudu bila jasho. Kwa sauti ya hetzi 1,000 ni sehemu ya kumi ya hapo, na umbali wa sentimita 6 tu unatosha kuharibu kila kitu. Basi asili imegawa kazi kwa namna ya kufurahisha: sufi hushindwa pale ambapo elektroniki huweza, na elektroniki hushindwa pale ambapo sufi, tena kwa bei ya sufi, huweza. Yeyote anayekuuzia kimojawapo kama dawa ya yote hajasoma nusu ya somo.

Valvu za redio za enzi za Lueg hazikuwa na subira ya kujirekebisha, na bomba halitulii. Kampala iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, lakini wembamba wa hewa ya huko juu si tatizo, kwa kuwa kasi ya sauti hufuata joto. Kutoka asubuhi yenye nyuzi 17 hadi alasiri yenye 28, sauti huongeza mwendo kutoka mita 342 kwa sekunde hadi 348, na kifaa kilichopangwa asubuhi kitaanza kukosea mchana. Ndani ya bomba la moshi lenye nyuzi 400 sauti hukimbia mita 520 kwa sekunde, na mzigo wa jenereta ukibadilika, joto nalo hubadilika. Ufumbuzi ulitoka mahali pasipohusika na kelele. Mwaka 1960, Bernard Widrow na Marcian Hoff wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha kanuni rahisi ya hesabu inayofanya mashine ipunguze kosa lake yenyewe, hatua ndogo baada ya hatua ndogo. (Hoff huyo huyo baadaye alikuwa miongoni mwa waliobuni maikroprosesa ya kwanza ya Intel ya 1971, kwa hiyo alichangia kanuni na pia chombo cha kuiendeshea.) Kwenye bomba, maikrofoni ya kwanza huisikia kelele inayokuja, kompyuta huandaa sauti ya kupinga wakati kelele bado iko njiani, spika huitoa, na maikrofoni ya pili iliyo mbele husikiliza kilichobaki na kuirudishia kompyuta hesabu ya kosa. Mita 3 na nusu kati ya maikrofoni ya kwanza na spika huipa kompyuta sehemu ya mia ya sekunde. Inatosha kabisa.

Wahandisi walifanikiwa kwa kweli. Miaka ya 1970, Malcolm Swinbanks wa Uingereza alionyesha kwa hesabu jinsi ya kupanga spika ili sauti yake iende mbele tu bombani, isirudi kwenye maikrofoni na kuifanya ipige mluzi kama inavyotokea kwenye harusi fundi wa muziki akisimama mahali pabaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kituo cha gesi cha Duxford, huko huko Uingereza, tabo (turbini) iliyokuwa ikinguruma kwa sauti nene mno ilizungushiwa makumi ya spika kwenye mdomo wa bomba lake la moshi, na ngurumo ikashuka kwa takriban desibeli 10. Marekani, kampuni ya Nelson Industries ya Wisconsin, chini ya uongozi wa kiufundi wa Larry Eriksson, iliingiza sokoni mifumo ya dakti kwa jina la Digisonix. Mifumo hiyo haikuenea kwa kiasi kilichotarajiwa. Kwa nini? Kompyuta zake zilikuwa ghali, kila jengo lilimtaka mtaalamu wa kuja kupanga, na hewa inayokimbia kwa kasi ndani ya dakti huipigia maikrofoni upepo ambao si sauti, hivyo kompyuta hujikuta ikipinga kitu kisichokuwepo. Wenye majengo walihesabu wakarudi kwenye sufi. Hukumu hiyo ilikuwa sahihi kwa wakati wake. Sioni kama bado ni sahihi leo, maana chipu inayofanya hesabu ile ile sasa hukaa ndani ya kifaa cha sikioni chenye ukubwa wa punje ya korosho.

Pingamizi la kwanza atakalolitoa msomaji wa Kampala ni kwamba mji una kelele kubwa zaidi za kushughulikia. Ninakubali, na tayari nimesema ufundi huu hauzigusi. Spika ya baa hutulizwa na mkono wa mwenye baa, au wa askari. Lakini tofauti ya kelele hizi mbili ni ya muda pia: disko huisha alfajiri, ibada huisha, na feni ya jokofu la duka kuu haiishi. Zaidi ya hapo, jenereta imezoeleka kama msiba wa kupita. Uganda ilizama kwenye mgao mkali wa umeme mwaka 2005 na 2006, maji ya Ziwa Victoria yaliposhuka, na jenereta zikapangwa mbele ya arkedi na nyuma ya ofisi kila mahali. Bwawa la umeme la Bujagali lilikamilika 2012 na kuleta megawati 250. La Karuma likazinduliwa 2024 na megawati 600. Nchi sasa ina uwezo wa kuzalisha zaidi kuliko inavyotumia, ila nyaya na transfoma za mtaani ndizo zinazosaliti, na jenereta hazijaondoka uani. Kitu kilichokaa miaka 20 si cha muda tena.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na wasanifu majengo ndio wanaolishika: kwa nini kuhangaika na dakti katika mji ambao hauzihitaji? Hali ya hewa ya Kampala ni ya kuonewa wivu. Jengo la Makumbusho ya Uganda, lililokamilika 1954 kwa michoro ya Ernst May, lilibuniwa ili mwanga na hewa viingie vyenyewe, na bado ni somo kwa kila anayejenga mnara wa vioo unaogeuka tanuri saa sita mchana. Jengo lisilo na feni halina kelele ya feni. Hakuna elektroniki itakayoshinda hilo. Naliunga mkono pingamizi hili hadi kwenye dirisha. Dirisha lililo wazi, hata liwe la mbunifu hodari namna gani, huleta hewa pamoja na jenereta ya jirani. Mpangaji hulifunga. Akilifunga anapata joto, akipata joto ananunua kiyoyozi, na kiyoyozi hicho huning'inizwa ukutani kikimngurumia jirani wa upande wa pili, ambaye naye atafunga lake. Ndivyo mji wenye hewa nzuri unavyojifungia ndani, dirisha moja baada ya jingine, na kila mmoja akiwa na sababu ya haki. Anayetaka Kampala irudi kwenye majengo yanayopumua yenyewe inambidi kwanza ahangaikie midomo ya mabomba, kwa kuwa ndiyo inayoyafunga madirisha.

Je, dirisha lenyewe haliwezi kuwekewa spika? Limejaribiwa. Timu ya Chuo Kikuu cha Kiteknolojia cha Nanyang, Singapore, ilichapisha mwaka 2020 matokeo ya dirisha lililo wazi lenye spika ndogo 24 zilizopangwa kama wavu. Kelele ilipungua kwa hadi desibeli 10, jambo la kupongezwa kwa nchi ya joto inayotaka kuishi na madirisha wazi. Lakini spika zile zilikuwa na upana wa sentimita 4 na nusu, na chini ya hetzi 300 hazikuwa na nguvu ya kusukuma hewa. Yaani dirisha la Singapore lilifanya vizuri kwa sauti za kati za magari, likashindwa mahali pale pale ambapo ngurumo ya Kampala inaanzia. Kisha zidisha spika 24 kwa kila dirisha la ghorofa nzima. Bomba moja, spika moja au mbili: tofauti ya gharama haihitaji mhasibu.

Kuhusu gharama, watu huhesabu bei ya kifaa na kusahau bili ya kinyamazishi cha kawaida. Kinyamazishi kilichojaa sufi hubana njia, na feni hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi ili hewa ile ile ipite. Feni inayopitisha mita za ujazo 5 kwa sekunde, ikiongezewa kizuizi cha paskali 50, na ufanisi wake ukiwa asilimia 60, itakula wati 400 zaidi. Ikifanya kazi mchana na usiku, ni yuniti 10 za umeme kila siku ya Mungu, kwa ajili ya kizuizi tu. Spika iliyo ubavuni mwa bomba haizuii hewa kupita, na umeme wake kwa kazi kama hii ni mdogo kuliko huo. Hospitali zina sababu nyingine: sufi ndani ya dakti hushika vumbi na unyevu, na katika njia ya hewa inayoelekea chumba cha upasuaji hakuna anayetaka vitu hivyo viwili vikae pamoja. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba wodi usiku isizidi desibeli 30, na likaonya kwamba penye sauti nene hata kiwango hicho kiangaliwe upya. Jenereta ya hospitali haina budi kuwaka. Inabaki kuuliza itawaka kwa sauti gani.

Nani atakitengeneza kikiharibika? Hili ndilo swali la kweli la Afrika Mashariki, na lina haki ya kujibiwa bila mbwembwe. Maikrofoni katika vumbi jekundu la Kampala itaziba. Spika karibu na bomba la moto itapasuka utando ikiwa haikukingwa. Bomba la moshi linaweza kuwa na spika pembeni ya mdomo wake, nje ya moto, na si ndani. Na mfumo lazima ujizime wenyewe maikrofoni ya pili inapogundua kwamba kelele imepanda badala ya kushuka, maana kifaa kilichochanganyikiwa ni kibaya kuliko kutokuwa nacho. Kuhusu mafundi, Chuo Kikuu cha Makerere kilishatoa ushahidi kwa jambo linalofanana. Mradi wa AirQo, ulioanza 2015, uliunda vipimo vya hewa chafu kwa ajili ya joto na vumbi la hapa hapa, ukavitundika kwenye majengo na hata kwenye bodaboda, kwa sababu vya kuagiza vilikuwa ghali na havikuvumilia. Aliyeweza kuunda kihisio hicho, kukilisha umeme unaoyumba na kukitunza barabarani hatashindwa na maikrofoni mbili na chipu moja. Kinachokosekana ni mnunuzi.

Na mnunuzi hatapatikana kama sheria haisikii. Mwenye jengo aliyepata 35 kwenye mizani A hana deni kwa mtu, na kumwambia anunue kitu cha kuzima sauti ambayo kisheria haipo ni kumtania. Dawa yake iko ndani ya chombo kile kile. Vipimo vingi vya kelele vina mizani ya pili, C, ambayo karibu haikati sauti nene: ile ya hetzi 50 huipunguza kwa desibeli moja na kidogo tu. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilishauri kwamba mizani C ikizidi A kwa zaidi ya desibeli 10, sauti ichambuliwe zaidi. Kwa mfano wetu wa dirisha tofauti ni karibu 29. Kifungu kimoja katika kanuni, kinachotaka mizani zote mbili ziandikwe na tofauti yake itolewe hesabu, kingeigeuza ngurumo kuwa kitu chenye namba.

Mtu atauliza: KCCA na NEMA wanashindwa kuzisimamia kanuni zilizopo, za nini kuwaongezea nyingine? Nadhani hapa mitambo ni rahisi kuliko muziki. Spika ya baa hupunguzwa mkaguzi akionekana na kupandishwa akiondoka. Mhubiri wa barabarani huhama na kipaza sauti chake. Jenereta yenye tani mbili haihami, sauti yake haibadiliki kwa kumwona ofisa, na ina mwenyewe anayejulikana kwa kiwanja. Zaidi ya hayo, sheria ya udhibiti wa majengo ya mwaka 2013 inamtaka mwenye jengo jipya apate kibali kabla halijaanza kutumika, na wakaguzi hufika hata hivyo kuangalia ngazi, moto na maji taka. Kuiwasha jenereta mbele yao, kusimama na chombo mita chache kutoka mdomo wa bomba, na kuandika namba mbili badala ya moja, ni kazi ya dakika chache. Jengo ambalo tofauti yake ni kubwa lipewe muda wa kurekebisha: kwanza mpira chini ya injini, kisha kinyamazishi kinachotosha, na ngurumo ikibaki bado, ndipo spika.